Waifai ya jirani: wazi haina maana ya ruksa

Nimepanga Sinza. Waifai ya jirani haina nywila na inafika hadi chumbani kwangu. Nikiitumia nimeiba?

Ndugu yangu, mlango ulioachwa wazi haujakukaribisha ndani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 4, inakataza kuingia kwa makusudi na bila uhalali kwenye mfumo wa kompyuta. Faini haipungui shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote. Kwa hiyo usijifiche nyuma ya neno "haikuwa na nywila". Wenzetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2018, wanamwandama hasa anayevunja kinga ili aingie: faini hadi shilingi milioni 5 za kwao, au miaka 3 jela, au vyote. Gonga hodi, omba, changia bando. Majirani wengi hukubali.

Amenipa nywila. Je, anaona ninachofanya?

Anaona simu yako imeunganishwa, na akijua kuichunguza ruta yake, yaani kifaa kinachorusha waifai, anaweza kuona majina ya tovuti unazofungua. Ujumbe wa WhatsApp hausomi. Nywila ya benki nayo husafiri imefungwa, mradi anwani ianze na https. Simu ikikuonya kwamba cheti cha tovuti hakiaminiki, usibonyeze "endelea", toka. Ukituma pesa kwa menyu ya nyota na reli, hapo waifai haihusiki kabisa.

Mwanangu, mimi ni mstaafu, niko Tanga. Vijana wa mtaa wote wanayo nywila yangu. Nina hatari gani?

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo lililonikosesha raha kuliko yote. Huko nje, vifaa vyote vya nyumbani kwako huonekana kwa namba moja ya IP, yaani anwani ya mtandao, na mkataba una jina lako. Kijana mmoja akitapeli watu kupitia ruta yako, wapelelezi wataanzia kwako. Utajieleza, lakini utajieleza kituoni.

Leo hii badilisha nywila, iwe ndefu, na ile ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta pia, maana nyingi bado ni ile ya kiwandani. Kwenye aina ya ulinzi wa waifai, chagua WPA2 au WPA3. Zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila kuandika nywila: PIN yake ina tarakimu 8, lakini mwaka 2011 ilibainika kuwa ruta huikagua nusu nusu, hivyo majaribio kama 11,000 yanatosha kuipata. Vijana unaowapenda wafungulie mtandao wa wageni, wenye nywila yake. Mjukuu yeyote anayeijua simu atakusaidia.

Kuna programu inayofungua waifai za watu. Niipakue?

Hapana. Baadhi ya programu hizo huchukua nywila zilizohifadhiwa kwenye simu yako na kuwagawia wageni, pamoja na ile uliyopewa na mjomba kwa kuaminiwa.