Ukitaka Kuandika Kuhusu Kifo cha Dkt. Ouko, Anza na Saa, Usianze na Muuaji

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kakamega aliniandikia akitaka kujua niliwezaje kuandika juu ya kifo cha Dkt. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya aliyeuawa mwaka 1990, hadi makala yale yakasomwa na watu wa kila upande wa siasa, kwa kuwa yeye pia anataka kuandika juu ya vifo ambavyo nchi yetu haijapata kuvitolea jibu. Namjibu hapa hadharani kwa sababu najua wenzake ni wengi: vijana wa Kisumu, Nakuru na Bungoma wanaoyapenda mambo haya kama niyapendavyo mimi, na wanaotamani kuandika kitu kitakachodumu.

Nililelewa Muhoroni, mwendo mfupi kutoka Koru alikokuwa na nyumba Ouko, na katika utoto wangu sikumbuki matanga ambayo wazee walikesha bila kuigusa habari ya Ouko. Kila mzee alikuwa na muuaji wake na alimtaja kwa yakini ya mtu aliyekuwapo. Nilipokua nikatambua kwamba wazee hao hao hawakukubaliana hata juu ya siku ambayo mwili ulionekana. Hapo ndipo nilipokata shauri kwamba sitaandika jina la mshukiwa yeyote kabla ya kuzipanga saa za matukio, moja baada ya nyingine, kwa kufuata maneno yaliyosemwa chini ya kiapo.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Februari 1990, Waziri wa Mambo ya Nje alitoweka nyumbani kwake Koru. Mtumishi wa nyumba ile alieleza baadaye kwamba aliamshwa na kishindo, akachungulia na kuona gari jeupe. Siku hiyo hiyo kijana mchunga ng'ombe aliuona mwili karibu na kilima cha Got Alila, kilomita chache tu kutoka nyumbani. Lakini ni tarehe 16 ndipo taifa lilipoambiwa kwamba polisi wameupata. Kichwani palikuwa na jeraha la risasi, mwili ulikuwa umeteketezwa kwa moto, na karibu nao palikuwa na bastola, mtungi wa dizeli, kurunzi na fimbo. Dhana iliyotangulia kutolewa na maofisa ni kwamba alijiua. John Troon, mpelelezi wa Scotland Yard, yaani polisi wa London, aliyealikwa na serikali, alikataa dhana hiyo na kusema kwamba waziri aliuawa.

Zitazame siku zile tatu baina ya macho ya kijana yule mchunga ng'ombe na tangazo la polisi. Zina uzito kuliko majina yote niliyoyasikia matangani, kwa sababu zinamlazimu msomaji aulize nani alijua nini, na alikijua lini. Nilizipa nafasi kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya makala yangu, na bado naamini nilifanya vyema.

Mhariri wa gazeti moja hakuamini hivyo. Alinirudishia kazi yangu kwa sentensi moja, kwamba wasomaji wanataka jina la muuaji, wala hawataki ratiba. Miezi kadhaa baadaye nilisikia kipindi cha redio kikisoma mpangilio wangu wa saa, kwa mfuatano nilioupanga mimi na hata kwa maneno yangu, pasipo kunitaja popote. Jambo hilo liliniuma, na sitajifanya kwamba limekwisha kuniuma. Nikayachapisha makala hayo mwenyewe, na Februari hii walimu wa historia walinialika niyasome katika ukumbi mmoja hapa Kisumu. Watu walijaa mpaka wengine wakasikiliza wakiwa wamesimama madirishani, na mzee mmoja aliyefanya kazi Koru miaka ile akaniambia kwamba hajapata kusikia habari hiyo ikisimuliwa bila kutiwa chumvi. Maneno ya mzee yule nayathamini kuliko malipo ambayo gazeti lile lingenipa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, someni ushahidi kwanza. Tume ya Jaji Evans Gicheru ya kuchunguza kifo hicho iliundwa Oktoba 1990 na kuvunjwa na Rais Moi Novemba 1991 kabla ya kumaliza kazi, lakini mashahidi walikuwa wamekwisha kusema mengi, na magazeti ya siku zile yaliyaandika. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Gor Sungu ilianza kazi mwaka 2003. Ripoti yake ilipojadiliwa bungeni mwaka 2010, wabunge waliikataa. Jonah Anguka, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Nakuru, alishtakiwa kwa mauaji hayo na Mahakama Kuu ikamwachilia huru mwaka 1994. Mwandishi anayemhukumu upya mtu aliyeachiliwa na mahakama, kwa kutegemea uvumi wa mtaani Kondele hapa Kisumu, anawadhulumu walio hai na hamtendei haki marehemu.

Someni ushahidi, narudia, hata pale ambapo wataalamu wametoa neno la mwisho. Padri John Kaiser, mmisionari Mkatoliki kutoka Marekani, alikutwa amekufa Agosti 2000 kando ya barabara ya Nakuru kwenda Naivasha, bunduki yake ikiwa karibu naye. Wapelelezi wa FBI kutoka Marekani walihitimisha mwaka 2001 kwamba dalili zilielekea kuwa alijiua. Mwaka 2007 hakimu Maureen Odero, baada ya kuwasikiliza mashahidi mahakamani, aliamua kwamba padri huyo aliuawa. Aliyesoma taarifa moja tu kati ya hizo mbili bado hajaijua habari ya Kaiser, hata akiieleza kwa ufasaha wa namna gani.

Dada yangu wa Kakamega ameniambia anakusudia kuanza na Askofu Alexander Muge wa Kanisa la Anglikana, Eldoret, aliyefariki tarehe 14 Agosti 1990 gari lake lilipogongana na lori alipokuwa akirudi Eldoret kutoka Busia, siku chache baada ya Waziri Peter Okondo kumwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke akiwa hai. Umechagua vizuri, dada. Onyo lilitolewa, na ajali ikatokea. Hayo mawili hayana mabishano. Waziri alijiuzulu, na dereva wa lori akafungwa. Kinachobishaniwa ni kama kuna mkono uliounganisha onyo na ajali, na huo hutaupata kwa kuwauliza watu wa Busia wanamshuku nani. Tafuta jalada la kesi ya dereva. Uliza lori lilitoka wapi na lilikuwa likienda wapi, gari la askofu lilipita saa ngapi, nani alifika kwanza mahali pa ajali, na alisema nini alipoapishwa. Ukiwa na majibu hayo, nitumie rasimu yako na nitaisoma yote.