Gia za Nyuma Zinazosita Baada ya Kuwekewa Waya Mpya

SWALI: Ndugu Mhariri, baiskeli yangu ina sproketi 8 nyuma. Nilibadilishiwa waya wa gia, na siku za mwanzo zote zilikuwa zinaingia bila shida. Sasa nikibonyeza mara moja ili mnyororo upande sproketi kubwa zaidi, unasita na kugongagonga, kisha unaruka ghafla. Nilizungusha zile skrubu mbili zilizo kwenye kifaa cha kuhamisha mnyororo, lakini hali ilizidi kuharibika, na mara moja mnyororo uliangukia upande wa spoki. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kasoro uliyoieleza ni ya waya, wala haikuwa ya skrubu, lakini kwa kuwa skrubu umekwisha kuzigusa, itakubidi uzirudishe mahali pake kwanza. Kazi ya skrubu hizo, ambazo kwa kawaida huwa na herufi H na L, ni kuweka mipaka tu: ya H huzuia mnyororo usivuke sproketi ndogo kabisa na kuangukia upande wa fremu, na ya L huuzuia usivuke ile kubwa kabisa na kuingia kwenye spoki. Hazina lolote la kufanya na sproketi za katikati. Usipande baiskeli hiyo kabla ya kurekebisha skrubu ya L, kwa sababu mnyororo ukinasa kwenye spoki unaweza kulifunga gurudumu la nyuma ukiwa mwendoni.

Inua gurudumu la nyuma na uweke gia kwenye sproketi ndogo kabisa, kisha ulegeze bolti inayobana waya. Simama nyuma ya baiskeli na utazame: kigurudumu cha juu kati ya vile viwili vidogo vinavyopitisha mnyororo kinapaswa kuwa wima chini ya ukingo wa nje wa sproketi hiyo. Kama hakipo hapo, zungusha skrubu ya H kidogo kidogo. Ukiwa bado hapo nyuma, angalia pia kama vigurudumu vyote viwili vimekaa sambamba na sproketi. Baiskeli ikianguka upande wa kulia, kile kipande chembamba kinachoshikilia kifaa kwenye fremu hupinda kwa urahisi, na kikishapinda hakuna marekebisho ya waya yatakayodumu mpaka kinyooshwe au kibadilishwe.

Sasa njoo kwenye waya. Tangu kampuni ya Shimano ilipoleta mfumo wa SIS mwaka 1984, ambao kila mbonyezo huvuta waya kwa kipimo maalumu, usahihi wa gia hutegemea waya huo uwe umekazwa kiasi kinachofaa. Waya mpya hulegea kidogo katika siku za mwanzo, hasa kwa sababu ncha za mrija wake hujikaza zaidi kwenye vikalio vyake, na ndiyo maana mnyororo wako ukaanza kusita. Zungusha nati ya kurekebishia, pale waya unapoingia kwenye kifaa, hadi iingie yote, uirudishe nje mzunguko mmoja, uvute waya kwa mkono na kukaza bolti.

Bonyeza mara moja huku ukizungusha pedali. Mnyororo usipopanda sproketi ya pili, geuza nati kinyume na mwendo wa saa, nusu mzunguko kwa wakati. Ukishapanda, endelea kuigeuza taratibu mpaka usikie mnyororo ukianza kukwaruza sproketi ya tatu, kisha uirudishe kidogo mpaka sauti hiyo iishe. Hapo ndipo penyewe. Sikio lako litakuongoza kwa uhakika kuliko kuhesabu mizunguko. Mwisho, panda polepole hadi sproketi kubwa kabisa na ukaze skrubu ya L ili kigurudumu cha juu kisiweze kuipita, hata ukikisukuma kwa mkono kuelekea kwenye spoki.

SWALI: Gia zangu zote zinaingia sawasawa, ila nikikanyaga kwa nguvu mnyororo unaruka meno. Je, nao ni waya?

JIBU: Kama gia zinaingia sawasawa, inaelekea mnyororo au sproketi zimechakaa. Nafasi 24 kutoka pini hadi pini katika mnyororo mpya ni milimita 304.8, zikifika 307, ubadilishe. Mnyororo mpya nao ukiendelea kuruka kwenye sproketi unazozitumia sana huku zile usizozitumia zikiushika vizuri, ujue sproketi hizo zimelika, na hakuna skrubu wala nati itakayozitengeneza.