Kuridhika na Uhuru

SWALI: Mhariri, je, mtu aliyeridhika na alicho nacho si amejifunga mwenyewe, kwa kuwa ameacha kutamani zaidi?

JIBU: Ndugu msomaji, inategemea nani ameshika hatamu, wewe au tamaa yako. Epictetus, mwanafalsafa wa Kistoa (mkondo wa kale wa Kiyunani uliofundisha kujitawala) aliyewahi kuwa mtumwa, alifundisha kwamba uhuru haupatikani kwa kutimiza kila tamaa bali kwa kuiondoa, maana anayetamani kitu kilichomo mikononi mwa mwingine humfanya huyo kuwa bwana wake. Mimi naona alizidisha kidogo, kwani kiu ya elimu humfungua mtu. Vilevile, kuridhika kunakotokana na woga wa kujaribu (nako kumeenea) si kuridhika, bali ni kukata tamaa kulikovishwa joho la heshima.