Jibu: Dola 600, elki wa kwanza Colorado. Nianze na skopu au bainokula?

Ndugu, umesema bunduki ya .30-06 unayo tayari, leseni ya dume la elki (kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini) imetoka kwa ajili ya Oktoba, mfukoni una dola 600, na muuzaji amekushauri uchukue skopu, darubini ya kufunga juu ya bunduki, ya 6-24x50 (inakuza mara 6 hadi 24, kioo cha mbele upana wa milimita 50) halafu bainokula, ile darubini ya macho mawili, "utatafuta baadaye". Usikubali. Mimi nilikubali.

Mimi ni Mkenya. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo bunduki ya kuwindia nimeijulia ukubwani, hukuhuku Marekani, bila mzee wa kunishika mkono. Msimu wangu wa kwanza niliingia Msitu wa Taifa wa White River na skopu ndefu kama pampu ya baiskeli, na bainokula ya dola 40. Siku ya tatu asubuhi nimekaa kwenye misonobari, nikasikia kijiti kimevunjika. Dume huyo, hatua kama sitini. Nikainua bunduki. Skopu ilikuwa kwenye 18, nilivyoiacha jana yake nikichezea kuangalia ng'ambo ya bonde. Nikaona manyoya. Manyoya ya kahawia kioo kizima, sijui ni bega au ni paja. Nahangaika kushusha zumu, yeye kageuka kajiendea zake, hata mbio hakupiga.

Kwa hiyo kwenye skopu chukua 3-9x40 ya kawaida, yaishe. Ukitembea iache kwenye 3. Mnyama wa mbali atakupa muda wa kuongeza, wa karibu hatakupa. Tena kuna hesabu ya mwanga: gawa namba ya mwisho kwa zumu, unapata upana wa mwanga unaofika jichoni kwa milimita. 40 kwa 9 ni kama 4.4. Ile ya muuzaji ikiwa kwenye 24 inakupa 2 na ushee tu, na gizani mboni ya jicho hupanuka hadi 5, kwa kijana hata 7. Maana yake jioni utakuwa unatazama kupitia tundu la sindano. Leupold VX-Freedom au Vortex Crossfire za saizi hiyo zinakutosha kabisa.

Sasa bainokula, na hapa ndipo pesa nyingi iende. Maeneo mengi ya Colorado huruhusiwi kupiga dume yeyote tu: lazima pembe moja iwe na matawi manne au zaidi, au tawi la chini kabisa, lile la juu ya jicho, lifike inchi 5. Na saa halali zinaishia nusu saa baada ya jua kuzama. Basi fikiria: madume wanatoka msituni kuja kula majani muda huohuo mwanga unapokata, wako ng'ambo ya bonde, na wewe unatakiwa uhesabu matawi. Mwaka wangu wa pili nilikuwa bado na ile ya dola 40. Nikamwona dume, nikahesabu matatu. Nikahesabu tena, labda manne, labda ni tawi la mti nyuma yake. Jamaa niliyekuwa naye akanipa yake ya 10x42, ya bei ya kati wala si ya kitajiri. Matano, na tawi la chini refu kama mkono wangu. Nikirudi kwenye yangu, matatu tena! Wakati tunabadilishana hivyo saa ikapita, tukashuka kambini.

Usije ukasema utaangalia kwa skopu. Kila unachokiangalia kwa skopu umekielekezea mtutu, na nusu ya "elki" utakaowaona porini ni binadamu wenzako waliovaa rangi ya machungwa.

8x42 au 10x42? Kama una stendi ya miguu mitatu, 10. Kama utashika kwa mikono ukiwa unahema kwenye mwinuko wa mita 3,000, 8 itatulia zaidi na ina mwanga zaidi. Vortex Diamondback HD ndiyo ninayotumia. Hata iliyotumika nunua bila hofu, kwa sababu garantii yao haiulizi risiti wala mmiliki wa kwanza ni nani. Swarovski, zile za kitajiri, acha kwanza. Hata kujaribu usijaribu, utaiona yako mbaya maisha yako yote.

Mgawanyo wangu: kama dola 250 bainokula, 200 na kitu skopu, inayobaki ringi na besi nzuri za kufungia skopu kwenye bunduki, pamoja na mikanda ya kifuani ya kubebea bainokula. Ringi usizibanie. Watu wengi hulaumu skopu inayohama shabaha, kumbe ni skrubu zilikazwa kwa kukisia. Tafuta bisibisi ile ya kupima mkazo, hata ya kuazima. Bakiza na za risasi za kulengea. Ukirekebisha skopu risasi ipige inchi 2 juu ya ulipolenga kwenye yadi 100, .30-06 inakupeleka hadi yadi 200 bila kufikiria.

Dukani usijaribu kitu chini ya zile taa. Nenda saa kumi na moja na nusu jioni, omba utoke nayo mlangoni, tazama chini ya gari lililo mwisho wa maegesho: ukisoma maandishi ya pembeni mwa tairi, sawa. Kisha elekeza kwenye waya wa umeme, tulia nao dakika tano. Ukiona waya mbili, au kichwa kikianza kugonga, mirija haiko sambamba, rudisha.

Muuzaji akikukatalia kutoka nayo nje, kuna maduka mengine. Na uandike hapa eneo lako la kuwindia ni namba ngapi, nikwambie kama huko matawi yanahesabiwa.