Kazi za lugha: bei ya neno, irabu saba na muhuri

Nina shahada ya Kiswahili. Nimepewa kijitabu cha afya cha maneno 6,000 nikitafsiri kutoka Kiingereza. Nitoze kwa ukurasa au kwa neno? (Mafinga)

Kwa neno, ndugu yetu, tena hesabu maneno ya Kiingereza. Kiswahili hubandika nafsi, njeo na mtendwa kwenye kitenzi kimoja: "nitawaambia" kwa Kiingereza ni maneno manne. Ukikubali kulipwa kwa maneno ya Kiswahili, umejipunja kabla hujaanza. Ukurasa nao una ujanja wake, maana mteja akibana herufi unameza hata maneno 700.

Mfasiri mzoefu hutoa maneno kama 2,000 kwa siku. Wewe jipe 1,000, kisha ongeza siku moja ya kuiacha kazi ipoe na nyingine ya kuisoma kwa sauti: jumla siku 8. Kabla ya sentensi ya kwanza, tengeneza jedwali la istilahi na mteja aliridhie. Bila hilo "chanjo" ya ukurasa wa 3 itageuka "kinga" ukurasa wa 20. OmegaT ni programu ya bure, nayo hukumbuka sentensi ulizokwisha kutafsiri.

Saa ndizo zinazoumbua wengi. Saa 8:00 asubuhi ya Kiingereza ni saa 2 yetu, hilo wanalijua. Lakini dawa ya kunywa mara tatu kwa siku ukiiandikia "kila saa 8", yupo atakayeisubiri saa nane mchana, anywe mara moja tu. Andika "kila baada ya saa 8", halafu taja nyakati zenyewe.

Kinyakyusa nakijua tangu utotoni. Kinaweza kunilipa? (Tukuyu)

Kinaweza, ila kwa vibarua zaidi kuliko ajira: kunakili mahojiano ya watafiti (kusikiliza sauti na kuiandika), kuhakiki tafsiri, kurekodi sauti za kufundishia kompyuta. Saa 1 ya sauti kwa Kiswahili hula saa 4 hadi 6 za kunakili. Kwa Kinyakyusa ongeza, kwani kina irabu 7, na irabu ndefu ikiandikwa fupi huweza kuleta neno jingine. (Wahehe wa Iringa wana irabu 5, lakini toni yao, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, itakutoa jasho.)

Muulize mteja anatumia tahajia ipi. Akitaka ɨ na ʉ, sakinisha Keyman, programu ya kibodi, nayo ni ya bure. Usichukue i ya kawaida ukaipiga mstari kwa mapambo ya maandishi: faili likinakiliwa kwingine mstari unapotea, na kazi ya wiki inarudi kwako. Pia taja umekulia Selya, Kyela au wapi, kwa sababu lahaja zinatofautiana. Ng'ambo ya mto Songwe, huko Karonga, Kingonde kiko karibu sana na chenu; usiwasahau wateja wa Malawi.

Nimeitwa kukalimani mkutano wa siku nzima, papo kwa papo. Niende peke yangu? (Tunduma)

Hapana. Ni kazi ya watu wawili wanaopokezana kila dakika 20 hadi 30. Ukizidisha hapo unaanza kuangusha tarakimu na majina. Hotuba na ratiba zidai siku mbili kabla.

Kila tafsiri inahitaji muhuri wa BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa)? (Iringa mjini)

Kijitabu au tangazo, hapana. Cheti cha kuzaliwa au cha ndoa kinachokwenda ubalozini, iulize kwanza ofisi itakayokipokea inataka ithibati ya nani. Na majina yabaki herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye cheti, hata yakiwa yamekosewa.