Lindo letu lilifia mkutanoni

Mmetuuliza wiki hii: "Kijijini kwako, ni nani anayehakikisha watu wanalala salama?" Najua wengi watataja polisi, wengine sungusungu, yaani walinzi wa jadi wa kijiji, na wapo watakaosema ni Mungu tu. La Mungu silipingi. Kwa upande wa binadamu, jibu langu ni mkutano mkuu wa kijiji, na ndani ya mkutano huo ni ile ajenda ambayo ikifika watu huanza kukung'uta kanga na kutafuta ndala zao: taarifa ya mapato na matumizi.

Ninaandika kutoka kijiji cha ziwani, upande wa Sengerema. Kazi yangu ni dagaa: nanunua mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga, naanika, nauza. Ni mjumbe pia wa halmashauri ya kijiji, kwenye kamati ya ulinzi na usalama. Jina la kijiji naliacha, maana baadhi ya nitakaowasema nateka nao maji.

Watu wengi kwetu wanadhani kijiji ni mwenyekiti na mtendaji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 haisemi hivyo. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na juu yake upo mkutano mkuu, ambamo kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe bila kuchaguliwa na mtu. Mkutano huo unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Mwenyekiti tuliyemchagua Novemba 2024 anaongoza kikao. Mwenye kijiji ni waliokaa chini ya mwembe.

Sasa lindo linaingiaje hapa?

Kila kaya kwetu hutoa Sh1,000 kwa mwezi ya ulinzi. Mtu wa mjini atauliza hela ya nini wakati sungusungu hawalipwi mshahara. Zipo betri za tochi na mabuti ya kipindi cha mvua, lakini hayo ni madogo. Fungu kubwa ni kumfikisha mwizi polisi. Kituo kiko mbali. Mkimkamata mtu saa nane usiku, zinatakiwa bodaboda mbili, moja ya mtuhumiwa na anayemshikilia katikati, nyingine ya kamanda wa sungusungu na mashahidi. Mafuta ni ya nani? Kesho yake waliomkamata wanatakiwa kituoni waandike maelezo, na baadaye waende mahakamani, siku ambayo hawakwenda ziwani wala shambani. Nauli na chai ni ya nani? Kukamata mwizi ni bure, ila kumkabidhi kuna gharama, na asiyejua hilo hawezi kuelewa kwa nini watu huchomwa moto vijijini.

Maana mfuko ukiwa mtupu mambo hubaki mawili. Ama mwizi anaachiwa, na wiki ijayo anapita mbele ya mlango wako akikusalimia, ama vijana wanasema "tummalizie hapa hapa". Nimewahi kusikia maneno hayo kwa masikio yangu, na aliyeyasema hakuwa mkatili. Alikuwa kijana ambaye safari iliyotangulia alitumia hela yake ya mbolea kumpeleka mtuhumiwa kituoni, na hakuna aliyemrudishia.

Kijiji chetu kilifika hapo. Mikutano ilipitwa robo moja, kisha ya pili. Michango ikaendelea kukusanywa na makamanda kwa daftari la shule, bila stakabadhi. Mtu akiuliza anajibiwa kwamba taarifa "inaandaliwa". Watu hawakugoma kwa kelele. Walianza tu kusema kesho, mara mume hayupo, mara njoo dagaa wakikauka. Usiku mmoja injini ya mtumbwi ikaibwa, yowe likapigwa, na waliotoka walihesabika kwa vidole. Wengine tuliowauliza asubuhi walisema hawakusikia. Kijiji kinachosikia mtoto akilia kitongoji cha pili hakikusikia yowe! Ukweli ulitoka polepole, tukiwa kwenye chanja: injini ni ya mtu aliyekuwa karibu na wale walioshika daftari, basi waliokula michango waende wakaifuate.

Wazee wetu wanaijua nguvu ya yowe kuliko sisi. Sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, Shinyanga na Tabora, wizi wa ng'ombe ulipozidi na bunduki zilipotapakaa baada ya vita vya Kagera, kisha wakaenea mpaka huku. Serikali iliwatambua kisheria mwaka 1989, wakapewa uwezo wa kukamata mfano wa mgambo. Kukamata, jamani. Si kuhukumu, si kuchapa viboko, si kutoza faini wanayoitunga njiani. Yule wa zamani asiyeitikia yowe alitengwa: hapewi moto, haazimwi jembe, na msibani kwake watu hawaji. Kutengwa hakuhitaji hata senti moja, lakini kunahitaji watu wawe wamoja, na sisi daftari lile lilikuwa limeshatugawa.

Kilichobadilika ni kwamba akina mama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa walikataa kutoa mchango wowote mpaka taarifa isomwe. Mtendaji wa kata alipewa barua, mkutano ukaitishwa, taarifa ikasomwa. Ilikuwa mbovu, mnaweza kukisia. Ila ilisomwa mbele ya watu, ikabandikwa kwenye mbao ya matangazo, na mkutano ukaamua mchango ukusanywe na balozi kwa stakabadhi na kila robo usomwe kabla ya ajenda nyingine yoyote. Kabla ya nyingine yoyote: hapo ndipo nilipopigania, kwa sababu ajenda ya fedha ikiwekwa mwisho inasomwa jua likizama, mbele ya watu kumi na mbuzi wao.

Tukaligusa na suala la faini. Asiyekwenda zamu alikuwa anatozwa, na kiasi kilitegemea kamanda ameamkaje siku hiyo. Sheria ndogo ya kijiji inaandaliwa na halmashauri ya kijiji, wananchi wanashirikishwa mkutanoni, na lazima ipitishwe na halmashauri ya wilaya ndipo iwe na meno. Yetu ilikuwa haijawahi kupelekwa popote. Waliotozwa kabla ya hapo wana haki ya kununa.

Halafu ikaja zamu yenyewe, na hapa naomba wasomaji wa kanda za wafugaji wavumilie kidogo. Ratiba ya lindo tuliyokuwa nayo ilifanana na ya vijiji vya ndani, ambako mwanamume hulala nyumbani siku zote, ng'ombe wakiwa zizini. Kijiji cha dagaa hakiishi hivyo. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa inavuta samaki kukiwa giza. Kwa hiyo siku za giza wanaume wako ziwani usiku kucha, na kijijini wamebaki wazee, watoto na sisi. Mbalamwezi ikikolea mitumbwi inapumzika, wanaume wapo, hela ipo, pombe ipo, na injini zimelala nchi kavu. Wezi wanaijua kalenda hiyo vizuri kuliko kamati yetu ilivyokuwa ikiijua: wa nyumbani huja gizani, wa injini huja kwenye mbalamwezi. Sisi tulipanga zamu kwa tarehe za kalenda ya ukutani, watu wakawa wanapangiwa kulinda siku ambazo wako maili kadhaa majini, kisha wanatozwa faini kwa kutokuwepo. Siku hizi zamu za giza wanashika wakulima, mafundi na wenye maduka, za mwezi mkubwa wanashika wavuvi, na wanalinda mwaloni badala ya kuzunguka vitongojini.

Wazo hilo halikutoka kwa kamati. Lilitolewa mkutanoni na mvuvi mmoja aliyechoka kutozwa.

Hata saa ya mkutano ilikuwa sehemu ya tatizo. Tangazo lilikuwa linasema saa nne asubuhi. Saa nne dagaa wamo juani, na ukiwaacha, kunguru na kuku hawakusubiri, na wingu likija umepoteza mtaji. Kwa hiyo akina mama hawakuwepo. Tulipousogeza mpaka saa tisa alasiri, na kuuweka kwenye siku za mwezi mkubwa ili wavuvi nao wawepo, mama mmoja alisimama akasema jambo ambalo wanaume walibaki wanatazamana: lindo linavunjwa saa tisa usiku, na sisi tunashuka mwaloni saa kumi alfajiri, gizani, hela ya kununulia dagaa ikiwa imefungwa kwenye kanga. Walioporwa njia ile walikuwa wengi kuliko kesi zote zilizowahi kuandikwa na kamati. Hawakuripoti kwa sababu kuripoti ni kumwambia mume kwamba mtaji umekwenda. Sasa zamu ya mwisho inashuka nasi mpaka mitumbwi itie nanga. Hatukuongezewa askari wala taa ya barabarani.

Kuna jambo moja ambalo siungi mkono, na najua wenzangu wengi kwenye kamati watanikasirikia: kura ya siri ya kutaja wahalifu. Mwaka 2009 serikali iliitumia kutafuta wauaji wa watu wenye ualbino, na uchungu wa wakati ule tunaukumbuka huku Kanda ya Ziwa. Lakini vijijini imegeuka dawa ya kila ugonjwa, hata wa kuku kuibwa. Kwetu ilipigwa, majina yakasomwa kwa sauti mkutanoni, na kijana aliyeongoza kwa kura alikuwa na kosa moja lililojulikana, kwamba amenunua pikipiki. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mkataba, anapeleka hesabu kila wiki. Alihama. Leo karatasi, kesho mganga wa ramli chonganishi, keshokutwa anaitwa mchawi bibi mwenye macho mekundu ambaye kosa lake ni kupikia kinyesi cha ng'ombe miaka arobaini, moshi wote ukiishia machoni. Usukumani tumezika bibi wengi kwa njia hiyo. Kama karatasi ni lazima zipigwe, zifungwe kwenye bahasha ziende polisi zikachunguzwe. Mkutano ni mahali pa kusoma hela, si pa kusoma majina ya watu.

Polisi siwadharau. Mkaguzi wa kata anapokuja mkutanoni watu wanamsikiliza, na namba 112 wengi sasa wanaifahamu. Lakini jiografia ni jiografia. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu zaidi ya 220, waliowahi kuokoa watu walikuwa wenyeji na mitumbwi ya wavuvi. Huku kwetu anayefika kwanza ni jirani, na swali ni kama jirani huyo ana sababu ya kutoka.

La mamba nitalipitia haraka kwa kuwa linawahusu zaidi wa pwani yenye matete. Baadhi ya vijiji vya Sengerema na Buchosa vimejengewa vizimba majini ili watu wateke maji bila kunyakuliwa. Sisi bado tunaomba. Kinachonikera ni familia iliyojeruhiwa kukosa kifuta machozi kwa kuwa tukio halikuripotiwa mapema wala kuandikwa popote, na ukienda wilayani bila barua ya kijiji wewe ni mtu anayesimulia hadithi. Mtunza kumbukumbu mzuri ni mlinzi pia, hata kama hashiki rungu.

Mtasema kusoma mapato na matumizi hakukamati mwizi. Kweli, hakukamati. Wizi kwetu haujaisha. Mwezi uliopita nyavu zimekwenda. Tofauti ni kwamba yowe lilipopigwa watu walijaa mwaloni mpaka tukashindwa kupita, mtuhumiwa akafikishwa kituoni akiwa na meno yake yote, na hela ya mafuta ilitoka mfukoni mwa kijiji na kuandikwa usiku uleule.

Kilichobaki ni ugomvi wetu na BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambacho kina makusanyo yake na daftari lake. Nusu ya injini zinazolala mwaloni ni za matajiri wanaokaa Mwanza mjini, wala hawana kaya hapa, kwa hiyo hawatoi hata ile Sh1,000. Vijana wetu wanakesha kulinda mali ya watu ambao hawajui hata jina la kamanda. Mimi nataka kila injini ilipiwe ulinzi pale mwaloni, kwa stakabadhi ya kijiji. BMU wanasema mwalo ni wao na kijiji kiishie barabarani. Hoja imeingizwa kwenye mkutano ujao, mara baada ya taarifa ya fedha, na nimewaandikia barua waje na daftari lao.

Mama Dagaa, Sengerema