Jibu: Kompyuta ya gemu au PlayStation 5?
Mkuu, umeuliza kipi kitakula hela kidogo. Siku ya kununua, PS5 inashinda: unaichomeka kwenye TV, unapakua gemu, unacheza. Kompyuta yenye kadi ya grafiki (kifaa cha kuchora picha za gemu) ya kufikia uwezo wa PS5 huwa ghali zaidi. Ila hesabu haiishii dukani. Ukitaka kucheza na wenzako mtandaoni kwenye PS5, gemu nyingi za kununua zinadai ulipie PlayStation Plus, huduma ya kujiunga ya PlayStation. Kwenye kompyuta ada hiyo haipo, na Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hushusha bei mara kwa mara. Ukiamua PS5, chukua yenye sehemu ya diski, uweze kununua gemu zilizotumika na kuziuza ukizichoka. Mimi nimebaki na kompyuta kwa sababu ndiyo hiyo hiyo ninayofanyia kazi, ingawa kuna jioni nimeimaliza nikihangaika na draiva tu (programu za kuendesha vifaa vya kompyuta), gemu sijaigusa.